"Run" kwa Kiswahili: kimbia, endesha, simamia, au usitafute kitenzi kabisa?

Mama mmoja anayepika chakula nyuma ya Soko la Majengo, hapa Dodoma, aliniletea barua ya Kiingereza, ukurasa mmoja tu. Aliandikiwa na mradi uliowahi kumpa mafunzo ya biashara, naye alitaka niigeuze Kiswahili aiambatanishe na maombi yake ya mkopo. Kazi ya dakika ishirini. Sentensi ya pili ilisema kwamba yeye "runs a small restaurant". Nikaandika "anasimamia mgahawa mdogo", nikaprinti, akalipa, akaenda zake.

Siku ya tatu huyo amerudi. Hakunisalimia, na huyu ni mama wa Kigogo ambaye hapiti dirishani kwangu bila "mbukwa".

"Mwanangu, umeniandika mimi kibarua?"

"Kibarua wa nani tena, mama? Shikamoo kwanza."

"Marahaba. Afisa mikopo kaniambia niende na mwenye mgahawa. Eti barua inasema mimi ni msimamizi. Msimamizi! Sufuria zangu, mabenchi yangu, mkaa nanunua mimi, leo nikamtafute mwenye mgahawa!"

Nikaichukua barua nikaisoma upya. Afisa mikopo hakuwa na kosa. Mimi ndiye niliyempokonya mama mgahawa wake kwa neno moja. Nikafuta, nikaandika "anaendesha mgahawa wake mdogo", nikamprintia bila malipo na soda juu. Tangu siku hiyo hilo neno la Kiingereza la herufi tatu silipiti haraka.

Na si mimi peke yangu lililonisumbua. Wahariri wa kamusi kubwa ya Kiingereza ya Oxford walipolipitia upya, kitenzi peke yake kiliwatolea maana 645, na mhariri wake, Peter Gilliver, alikaa nalo miezi tisa hivi. Katika toleo la 1989 bingwa alikuwa "set", kwa maana 430. Sasa amevuliwa taji. Mimi sina miezi tisa. Mteja amesimama dirishani, na umeme usipokatika nina nusu saa. Kwa hiyo ninayoyalinganisha hapa ni yale yanayonijia mezani mara kwa mara, na kila mahali nitasema ningechagua lipi.

Kimbia ni la miguu

Alphonce Simbu, mtoto wa Singida hapo jirani, alipotwaa dhahabu ya marathoni mjini Tokyo Septemba 2025, alikimbia. Saa 2, dakika 9 na sekunde 48, muda uleule alioandikiwa Mjerumani Amanal Petros, wakatenganishwa na sehemu ndogo ya sekunde kwenye utepe. Hapo andika "kimbia" usiku na mchana, hakuna atakayekuuliza.

Balaa huanza pale unapoliwekea neno hilo kitu cha kukimbia. Kwa Kiswahili, "kimbia" likifuatwa moja kwa moja na kitu au mtu, maana yake ni kumwepa au kukiepa. Amekimbia deni. Amekimbia familia. Amekimbia nchi. Kijana mmoja aliniletea CV aliyoitafsiri kwa simu, imeandikwa "nimekimbia duka la vifaa vya ujenzi kwa miaka mitatu". Alikusudia kusema kwamba duka lilikuwa mikononi mwake. Kwa jinsi ilivyokaa, mwajiri angeuliza polisi walimkamata wapi. Programu za tafsiri za simu zina tabia hiyo: zinakuchagulia neno moja halafu zinanyamaza. Kamusi ya Kiingereza-Kiswahili ya TUKI, ile iliyotoka mara ya kwanza 1996, inakumwagia maneno mengi na kukuachia kazi ya kuchagua. Inachosha zaidi, lakini angalau unajua kwamba kuna kazi ya kuchagua.

Kimbia lina watoto wawili wanaofaa sana, ambao wafasiri wengi tunawasahau. Kukimbiza: Mwenge wa Uhuru unakimbizwa wilaya hadi wilaya, japo muda mwingi uko juu ya gari, na mgonjwa anakimbizwa hospitali, na mwizi wa simu anakimbizwa mpaka barabarani. Kukimbilia: watu wakisikia benki inayumba, wanakimbilia kutoa fedha zao. Ukikuta kwenye habari za uchumi Kiingereza kinasema kuna "run" kwenye benki, usitafute jina. Andika sentensi yenye watu wanaokimbilia fedha zao, msomaji ataiona foleni.

Endesha, simamia, ongoza

Hapa ndipo penye kazi, na hapa ndipo nilipomwangusha yule mama.

Endesha limetoka kwenye enda. Ni kukifanya kitu kiende. Unaendesha bodaboda, unaendesha kikao, unaendesha mafunzo, unaendesha duka, na mahakamani yupo mwendesha mashtaka. Mtu wa endesha mikono yake imo humohumo. Akilala na homa, kitu kinasimama.

Simamia limetoka kwenye simama. Mtu amesimama juu ya kazi ambayo kwa kawaida inafanywa na wengine, au ni mali ya wengine, na yupo atakayemdai maelezo. Msimamizi wa mtihani hafanyi mtihani. Msimamizi wa mirathi, hata kama naye ni mrithi, mali hazijawa zake: anazikusanya, analipa madeni ya marehemu, anagawa, anapeleka hesabu mahakamani. Ndiyo maana afisa mikopo aliposoma "anasimamia mgahawa" akaona pengo: kama huyu anasimamia, mwenyewe yuko wapi?

Ongoza ni la aliye mbele ya watu. Unaongoza shirika, unaongoza msafara, unaongoza darasa. Nililijaribu kichwani kwa yule mama, "anaongoza mgahawa mdogo", nikaona kama mgahawa uko kwenye ligi na unaongoza kwa pointi sita.

Basi mimi nachagua hivi. Mwenye mali anayeshinda kazini mwenyewe: endesha, na niongeze "wake", maana endesha peke yake haisemi mali ni ya nani. Aliyewekwa na mwenye mali: simamia. Mkurugenzi mwenye ofisi kule Mtumba, kwenye mji wa Serikali, na watu mia chini yake: ongoza. Na kama barua ya Kiingereza haisemi kitu kuhusu umiliki, na mara nyingi haisemi kwa sababu Kiingereza chenyewe kinaridhika na ukungu huo, namuuliza mteja. "Mgahawa ni wako, mama?" Swali moja hilo lingemwokolea nauli ya kwenda na kurudi mara mbili.

Endesha nalo lina mtego wake. Usiliache bila kitu nyuma yake. Mwambie mama yeyote wa hapa kwamba mtoto anaendesha, atakimbilia maji ya chumvi na sukari, hatatafuta leseni ya udereva. Cha kuchekesha ni kwamba Kiingereza chetu cha Afrika Mashariki kimepita njia hiyohiyo: tunasema "running stomach", maneno ambayo Mwingereza wa London huyasikia kwa mshangao. Lugha mbili zimekutana chooni. Kwenye fomu ya hospitali andika "kuharisha", liishe. Kwenye fomu ya ajira usiulize "Je, unaendesha?", uliza "Je, unajua kuendesha gari?" Niliwahi kuprinti fomu mia mbili za aina ya kwanza, na mwenye kazi ndiye aliyegundua, baada ya kulipia.

Kwenye kompyuta, endesha linatosha: unaendesha programu. Vijana wa kompyuta pale UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma, wenyewe husema "narani kodi", na mzee mmoja aliyekuwa anasubiri fotokopi aliwasikia akaniuliza kwa sauti ya chini kama TRA, wale wa mapato, wameanza kukusanya kwa mbio. Kwa mdomo "kurani" haina ubaya. Kwenye mwongozo utakaosomwa na watu wa rika zote, kaa na endesha.

Kifungo kinachokwenda "kwa pamoja"

Sheria ilibadilishwa 2021, Kiswahili kikawa lugha ya sheria na ya mahakama, lakini karatasi za Kiingereza bado zinaletwa, hasa nakala za hukumu za zamani. Humo mna msemo mmoja unaorudi kila mara: adhabu mbili au tatu ambazo "run concurrently".

Magazeti yetu huandika "adhabu hizo zitakwenda kwa pamoja". Wengine huandika "zitakwenda sambamba". Zote mbili mwanasheria anazielewa. Sasa sikiliza aliyenifundisha mimi. Ni kaka mmoja aliyetoka Mpwapwa, mdogo wake amehukumiwa miaka mitatu kwa kosa la kwanza na mitano kwa la pili. Nikamsomea: adhabu zitakwenda kwa pamoja.

"Kwa pamoja minane," akasema, akakunja karatasi.

Nikashtuka. Kwake yeye "kwa pamoja" ni jumla, kama unavyosema bei ya nyanya na vitunguu kwa pamoja ni elfu tatu. Na hakuwa mjinga. Ndivyo Kiswahili cha sokoni kinavyosema. Nikaifungua tena ile karatasi, nikamwonyesha kwa vidole: hii mitatu na hii mitano zinaanza siku moja, anazitumikia kwa wakati mmoja, ile mitatu inaishia humo ndani ya mitano. Hakuna minane. Akahesabu mwenyewe kwa mwaka, akakaa kwenye benchi langu la wateja.

"Basi atamkuta mama," akasema.

Mimi sasa naandika "atatumikia vifungo vyote kwa wakati mmoja". Ni ndefu kuliko "zitakwenda sambamba", na mwanasheria mmoja aliwahi kuniambia inanuka mtaani. Inanuka mtaani kwa sababu aliyefungwa ndugu zake wako mtaani. Adhabu zikiwa za kufuatana, naandika "kimoja baada ya kingine", na hapo kweli mtu ajumlishe.

Kuna na ule muda wa kukata rufaa au kufungua madai, ambao kwa Kiingereza nao "unakimbia" kuanzia tarehe fulani. Kiswahili kikisema muda unakimbia, maana yake ni harakisha, jua linazama. Kwenye hati andika "muda utaanza kuhesabiwa tangu siku ya hukumu". Hapa sioni hata ushindani.

Kuchuja na kupauka

Muuza vitenge alitaka kibandiko cha kuweka kwenye mzigo wake mpya, kwa sababu lebo ya kiwandani ilionya kwa Kiingereza kwamba rangi "may run". Wafanyakazi wake walishaanza kubishana: mmoja anasema rangi inatoka, mwingine rangi inachuja, wa tatu inapauka.

Zinafanana kwa mbali, lakini kwenye beseni zinaachana. Kupauka ni kazi ya jua, na jua la Dodoma halina huruma na kitambaa kilichoanikwa tangu asubuhi. Kuchuja ni kazi ya maji: rangi inaachia, inahamia kwenye maji na kwenye nguo jirani. Kitenge kikipauka kimejiharibu chenyewe. Kikichuja kimeharibu na shati jeupe la baba ulilolifua nalo. Lebo ile ilikuwa inazungumzia la pili. "Rangi inatoka" ingeeleweka pia, ila mnunuzi anaweza kudhani inaisha tu. Tukaandika: "Kitenge hiki huchuja. Kifue peke yake." Maneno sita, na muuzaji akaogopa kidogo kwamba atafukuza wateja.

Chuja nalo, ukitazama, halina maana moja. Chai huchujwa, waombaji wa kazi huchujwa, na msanii ambaye nyimbo zake hazipigwi tena kwenye daladala huambiwa amechuja. Kwa hiyo tusiwacheke sana Waingereza.

Yale yasiyohitaji kusumbuka

Haya yanakuja mara kwa mara na jibu lake halibadiliki sana, nitayapita haraka. Anayetaka ubunge au udiwani anagombea. Wamarekani husema anakimbia, Waingereza husema anasimama, sisi tumechukua kwenye mzizi wa kugombana, na nadhani sisi ndio tuliosema kweli. Ukiandika kwamba fulani "amekimbia uchaguzi", umesema kaingia mitini. Sukari ikiisha, imekwisha, au tumeishiwa sukari. Kati ya hizo mbili nachagua "tumeishiwa" pale ninapotaka msomaji awaone watu, na "imekwisha" pale ninapotaka aone gunia tupu. Gari likimpitia mtu, limemgonga; "limemkanyaga" ni pale magurudumu yalipopita juu yake, na ripoti ya ajali inataka ujue tofauti hiyo. Ukikutana na rafiki stendi ya Nzuguni bila kutarajia, umekutana naye, hujamgonga. Pua yenye mafua inatoka makamasi. Mwenye joto la mwili lililopanda ana homa. Gazeti linachapisha habari. Aliyekuja nyuma ya bingwa ni mshindi wa pili, na anayesakwa na polisi yuko mafichoni.

Halafu kuna mahali ambapo nakushauri uache kitenzi kabisa. Kiingereza hakipendi sentensi isiyo na kitenzi, kwa hiyo barabara "inakimbia", mkataba "unakimbia", treni "inakimbia". Kiswahili kina "ya", "wa" na "ni", na vinafanya kazi hiyo kimyakimya. Mkopo ni wa miezi 24. Mkataba ni wa miaka miwili. Barabara ya Dodoma hadi Iringa ni kilomita 260 hivi. Ukitaka kitenzi, barabara inapita Mtera, inakwenda Iringa, inatosha. Mto nao unapita, ingawa huku kwetu mingi ni makorongo, na korongo hupitisha maji mvua ikinyesha tu. Miezi mingine hupita ng'ombe.

Treni inastahili neno lake. Tangu SGR ianze kufika Dodoma 2024, ratiba na matangazo ya kutafsiri vimeongezeka. Kiingereza kinatumia neno lilelile kwa mambo mawili. La kwanza ni kwamba treni ipo kila siku: andika "inafanya safari kila siku", au "ipo kila siku" kama ni tangazo la ukutani. La pili ni kasi, na hapo, kwa mara moja, kimbia linarudi kwa heshima zote, kwa sababu kitu kinachofika kilomita 160 kwa saa kinakimbia. "Treni inakimbia kila siku" kwa abiria aliyezoea ile ya zamani ingekuwa habari njema mno.

Maji

Nimeliacha la mwisho kwa sababu ndilo lililonipata wiki hii. Dalali alileta tangazo la nyumba ya Ipagala, limeandikwa Kiingereza kwa ajili ya wageni wa miradi, akataka na la Kiswahili. Vyumba vitatu, uzio, luku yake, na "running water".

Kiswahili kimeshapata msemo wake kwa hilo: maji tiririka. Ulienea zaidi wakati wa korona, 2020, kila mlango una ndoo yenye koki na bango la kunawa kwa maji tiririka na sabuni. Walimu wa sarufi wangependa "maji yanayotiririka", nami nilikuwa upande wao, lakini bango limeshinda na sasa neno ni la kila mtu. Lakini hilo ni la kunawia mikono; maana yake ni usinawe kwenye beseni moja na wenzako. Ukiliweka kwenye tangazo la nyumba, mtu ataona paa linavuja. Kwa nyumba ushindani ni kati ya "maji ya bomba" na "maji yapo ndani". La kwanza linasema yanatoka wapi. La pili linasema hutabeba ndoo. Mpangaji wa Dodoma anataka yote mawili.

"Kaka, weka 'maji masaa ishirini na nne'," dalali akaniambia.

"Yanatoka masaa ishirini na nne?"

"Yanatoka Jumanne na Ijumaa. Ila simtanki lipo, la lita elfu mbili."

"Basi niandike hivyo."

"Simtanki andika. Siku usiandike."

Nikaandika "maji ya bomba ndani, simtanki la lita 2,000 lipo". Jana mpangaji alikuja kutoa kopi ya mkataba. Ni dada mgeni, amehamia kikazi kutoka Mwanza, ana haraka. Aliweka karatasi kwenye mashine, akaniangalia, akaniuliza jambo moja tu: yanatoka siku gani?